Nyota tatu na nusu kwa watafiti waliokuja kuuliza nani aliamua

Nimeshaandika tathmini ya jiko la gesi, ya blenda iliyoungua siku ya tatu, na ya fundi aliyenishonea dera likatoka gunia. Hii ya leo ni ya huduma ambayo sikuinunua wala sikuiita, ilinibishia hodi yenyewe. Ni watafiti wa afya. Wamepita shehia yetu hapa Wete, Pemba, wakiuliza vipi watu wa nyumba moja wanaamua mgonjwa wao aende spitali, lini, na kwa kauli ya nani. Taasisi yao siitaji. Nina ya kusifu na nina ya kulalamikia, na wale wasichana walikuwa na adabu zao, sitaki mtu awatafute.

Mie ni mwalimu wa skuli ya msingi, mwaka wa 21 huu nasahihisha madaftari. Mtu akinisomea swali, kabla sijalijibu nalitazama limetungwa vipi. Maradhi ya kazi hayo.

Sheha alishatuambia tangu Jumatatu kuwa wageni watakuja. Wakaja Alhamisi baada ya laasiri, wasichana wawili wenye vishikwambi na dereva aliyebakia garini mpaka nilipompelekea chai. Walipiga hodi, wakavua viatu, wakamwamkia mama kwanza kabla yangu, tena kwa kuinama. Hapo walipata alama zote. Wametufikia wengine kabla yao waliomruka mama wakamtafuta "mkuu wa kaya", kana kwamba yule bibi kwenye mkeka ni mzigo wa karafuu.

Mmoja alikaa na mie, mwengine akavuka ua kwenda kwa wifi yangu, mke wa kaka aliyeko Muscat. Aliyebaki kwangu alinisomea fomu ya ridhaa yote, hakurukia mstari. Naweza kukataa. Naweza kuacha katikati. Swali nisilolitaka nisijibu, na nikikataa hakuna huduma nitakayonyimwa popote. Nilimuuliza, "Na nikiacha nusu, sabuni napewa?" Akacheka, akasema napewa. (Zawadi ilikuwa mche wa sabuni.) Nikatia saini. Faragha waliyoiandika kwenye fomu ndiyo iliyokuwa kazi, maana watoto walikuwa dirishani na mama alikuwa pale pale akirekebisha kila jibu langu. Lakini hilo si kosa lao, ndivyo nyumba zetu zilivyo.

Waliniambia dakika 45. Tulimaliza magharibi ikiadhiniwa. Nusu nyota imeondoka hapo.

Sasa swali la 14. "Nani katika nyumba hii aliamua mgonjwa apelekwe kwenye matibabu?" Majibu yamo tayari, unachagua moja: wewe mwenyewe, mume wako, wewe na mume wako pamoja, mtu mwengine. Swali hili lina ndugu zake wengi duniani. Hata Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2022 una la namna hiyo, wanawake walioolewa wanaulizwa nani huamua kuhusu matibabu yao wenyewe. Kwa takwimu nafahamu faida yake, unahesabu, unalinganisha mkoa na mkoa. Lakini mie kichwani nilikuwa na habari ya maradhi ya jicho la mama, nikamwambia yule binti, "Mwanangu, weka kishikwambi chini kwanza."

Lilianza na sindano. Mama anashona kofia tangu hajaolewa, zile za vitobo, moja inamla miezi. Mwanzo akawa anamwita mjukuu amtungie uzi. Tukasema uzee. Halafu akahama ukumbini akawa anashonea barazani, uso umeelekea jua. Halafu nikamuona anapitisha ncha ya kidole juu ya kitambaa, anahesabu vitobo kwa kuvipapasa. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa imegeuka rangi, kama tone la tui limeangukia maji.

Nesi alituambia ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imeingia ukungu, haina dawa ya matone wala miwani ya kuiondoa, dawa yake ni kutolewa na kuwekwa nyengine ya kutengenezwa. Mama aliitikia "inshallah", kwa ile sauti ambayo kila Mpemba anajua maana yake ni hapana.

Kumbe kuna jirani alishamwambia kuwa jicho huchokolewa kwa kijiko, likawekwa sahanini, likasafishwa, likarudishwa. Nilikuja kujua miezi baadaye. Ukweli ni kwamba jicho halitoki mahali pake hata kidogo, daktari anapasua tundu dogo, anaitoa ile lenzi iliyoharibika, anaingiza ya plastiki. Lakini nani angempokonya mama ile sahani kichwani mwake? Jirani mwengine akaleta asali ya nyuki wadogo ya kutia jichoni. Nashukuru mama aliila na mkate.

Likaja baraza la ukoo, ambalo siku hizi linakaa kwenye WhatsApp. Kaka wa Muscat anasema aletwe Muscat, atalipa yeye. Kaka wa Unguja anasema spitali ya Mnazi Mmoja, tena ana mtu anamjua. Shangazi anasema mfungo umekaribia, mgonjwa wa jicho hatoweza kufunga, tusubiri mfungo mosi. Mfungo mosi ukafika, karafuu zikaiva, kila mwenye miguu yuko juu ya mkarafuu na asiyepanda yuko majamvini anageuza. Nani amsindikize? Mume wangu katika yote haya alitoa nauli na hakutoa neno. Yule binti aliandika hapo, nikamuona anataka kubonyeza "mume". Nikamwambia, aliyetoa nauli siye aliyeamua. Akafuta.

Tulikwenda mara ya kwanza, presha ya mama ikakutwa juu, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Hilo nalielewa, hawamkati mtu presha ikiwa imepanda. Tukarudi wiki ijayo, daktari yuko safarini na hakuna aliyefikiria kutupigia simu. Spitali siitaji. Njia nzima ya kurudi mama hakusema kitu, mpaka tuliposhuka garini ndipo akasema, "Basi Mungu hataki."

Ukazimika mjadala. Miezi.

Halafu kuna mteja, mtu wa Konde, aliyeagiza kofia kwa harusi ya mwanawe. Alikuja kuichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Hakusema neno baya. Alisema tu, "Bi mkubwa, huku nyuma mstari umepanda kidogo, lakini haidhuru." Akaiacha kofia pale juu ya meza, akasema atapita siku nyengine. Hakupita.

Kesho yake alfajiri natoka kufagia uwanja, namkuta mama barazani amekoga, amevaa buibui, mkoba mapajani. Ananiuliza, "Gari ya Chake imeshapita?"

Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilikwenda kutafuta viatu vyangu.

Nikamaliza kumsimulia, nikamwambia yule binti, haya, jaza. Nani aliamua? Mie nilisema miaka miwili nisisikilizwe. Mume alitoa nauli. Kaka walitoa kauli za sauti za dakika nne nne. Aliyemtoa mama kitandani ni mtu wa Konde asiyejua hata kama mama ana maradhi ya jicho. Binti akatazama kishikwambi, akabonyeza "mtu mwengine", pakafunguka pa kuandika. Akaandika: mteja wa kofia. Nyota nzima kwa hilo. Wengi wangeandika "mwenyewe" wakaenda zao.

Upande wa pili wa swali hilo walikosea zaidi. "Ulianza wapi kutafuta tiba: spitali, duka la dawa, au mganga?" Siku ile ile ya gari ya Chake, kabla hatujatoka, mama alikunywa kombe. Aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, akanywa, akapangusa mdomo, tukaondoka kwenda kupasuliwa. Dodoso linataka nipange foleni, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Hakukuwa na foleni. Vilikuwa kitu kimoja, kama chumvi na wali.

Nina mpwa anasoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, nikamuuliza baadaye kama hawa watu hawajui mambo haya. Akaniambia wanajua, tena zamani. Mwaka 1978 John Janzen, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha aliyoyaona Kongo ya Chini, jinsi jamaa wa mgonjwa wanavyokusanyika wakawa wao ndio wanaobeba uamuzi, huku mgonjwa akipita kwa daktari na kwa mganga bila kuona anavuka mpaka wowote. Na mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya vifo vya kina mama vya uzazi, wakasema kuchelewa kuko kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hilo nimelipenda, na Pemba linatuingia, uliza aliyeumwa uchungu usiku kisiwani Kojani akingoja chombo. Wao wenyewe walishasema kuwa kuchelewa kumoja huzaa kwengine, mtu akisikia huduma ni mbovu anasita kutoka nyumbani. Ndiyo hasa ya mama. Kuchelewa kwa tatu kulirudi kukawa kwa kwanza. Aliamua, akafika, akakosa huduma, akaamua upya kutokwenda. Sasa kama yameshaandikwa, mbona swali la 14 lina vyumba vinne tu? Mpwa akasema, "Mama mdogo, kishikwambi hakina nafasi." Jibu la kisomi hilo.

Nimefika kwenye kadi, na hapa ndipo walipopata nyota zao kubwa na wakakaribia kuzipoteza.

Binti alitoa kadi mbili zenye picha za watu wadogo wadogo 100, wengine wamepakwa rangi. Akasema, fikiria mtu ana saratani ya mapafu, ana njia mbili. Upasuaji: katika watu 100, 90 wanatoka hai kwenye matibabu, 68 wako hai baada ya mwaka, 34 baada ya miaka mitano. Mionzi: wote 100 wanatoka hai, 77 wako hai baada ya mwaka, 22 baada ya miaka mitano. Ungechagua ipi? Nilizihesabu zile picha kwa kidole. Miaka yote naambiwa "hatari ni ndogo", "uwezekano ni mkubwa", maneno yasiyokamatika, leo naona watu 100 wamekaa kwenye karatasi kama darasa langu. Nikachagua upasuaji, nikaeleza na sababu, najisikia msomi.

Usiku wifi akaja kwangu na bakuli la kisamvu. Tukaanza kuulizana tulivyojibu. Yeye alichagua mionzi. Nikamwambia, wewe unaogopa kisu tu, angalia miaka mitano. Akanijia juu, "Wewe huna huruma, watu 10 wanakufa pale pale mezani wewe unasema miaka mitano!" Nikamwambia hakuna aliyesema watu wanakufa. Akaapa. Nikaapa. Tukabishana mpaka mume wangu akatoka chumbani kututazama, akarudi. Wifi akadai nilikuwa nasinzia, mie nikadai hajui kusoma kadi, na mengine ambayo sitayaandika kwa sababu tathmini hii ataisoma.

Ijumaa asubuhi nilimpigia yule binti. Namba iko kwenye nakala ya fomu ya ridhaa, ndiyo kazi yake. Akacheka kwa haya, akaniambia ni makusudi. Mie nilisomewa wanaopona, wifi alisomewa wanaokufa: 10 kwenye matibabu, 32 wakishafika mwaka, 66 wakishafika miaka mitano. Mionzi, hakuna anayekufa kwenye matibabu, 23 kwa mwaka, 78 kwa miaka mitano. Hesabu ni zile zile! Na si wao waliozitunga. Zilitumika Marekani, Barbara McNeil na wenzake, akiwemo Amos Tversky, wakachapisha mwaka 1982 kwenye jarida la tiba la New England. Waliosomewa wanaopona, 18 katika kila 100 ndio waliochagua mionzi. Waliosomewa wanaokufa, 44. Nikamuuliza, hao walioulizwa ni watu kama sisi, wasiojua mambo ya tiba? Akasema walikuwemo wagonjwa, walikuwemo wanafunzi wa biashara, na walikuwemo madaktari. Na madaktari nao walipinduliwa vile vile.

Mie nafundisha hesabu za kutoa darasa la tano. Mia toa tisini. Natoa zaidi ya hizo ubaoni kila siku ya skuli, na niliposomewa 90 sikuitafuta 10 iko wapi.

Nilikwenda kwa wifi na nusu ya ule mche wa sabuni. Yeye alipewa wake mzima, lakini alipokea.

Kilichoniuma zaidi ni jengine. Miaka miwili ile mie ndiye niliyekuwa nikimpelekea mama maneno ya spitali. Nesi alisema wengi wanaona vizuri baadaye na wachache wanapata matatizo. Mie nikifika nyumbani nasema, "Mama, wengi wanaona!" na ile ya pili naimeza, nikidhani namsaidia. Jirani wa sahani na kijiko yeye alisema ile ya pili peke yake, tena akaipamba. Mama alikuwa na nusu mbili kutoka kwa watu wawili, hajui amuamini nani, akamuamini jirani kwa sababu mie nilionekana nauza kitu. Hili hakuna aliyeniuliza kwenye dodoso lote. Swali lipo la "nani aliamua", la "nani alileta habari, na aliileta vipi" halipo.

Lawama yangu kwenye kadi ni mbili. Kwanza, walipaswa kutuambia mwisho wa mahojiano, si mpaka mtu apige simu. Ridhaa ya kurasa tatu mmeniwekea, halafu mnaniacha nigombane na wifi yangu usiku kucha? Binti alisema utaratibu ni kueleza kila kaya kazi ikishamalizika kwenye shehia nzima, ili majirani wasiambizane. Sawa, sababu ni sababu. Basi semeni mapema kuwa kuna jambo mtakuja kulieleza. Nusu nyota nyengine.

Pili, mama. Baada ya kumaliza na mie walimuomba naye ajibu kadi. "Bibi, tuseme una maradhi ya mapafu..." Mama alimkata pale pale. "Usinichurie, mjukuu wangu." Binti akajaribu tena, si wewe bibi, ni mfano tu. Mama akasema, "Mfano mpe mwengine." Huku kwetu kumwambia mzee tuseme unaumwa ni uchuro, maradhi hayaitwi yakaja kunywa chai. Mtu wa Chake, yule, alipaswa kujua. Wangesema "kuna bibi mmoja Mkoani", mama angejibu na ushauri angeongeza. Lakini nampa sifa yule binti, hakulazimisha, aliikunja kadi akaomba radhi. Na alipokuwa anaikunja mama akaukamata mkono wake, akazitazama zile picha kwa lile jicho jipya, karibu kabisa. Akauliza, "Hawa 10 ni kina nani? Vijana au wazee kama mimi?"

Binti hakuwa na jibu. Kadi haisemi. Nikiwa mwalimu, swali bora la siku ile lilitoka kwa aliyekataa kujibu.

Mtauliza upasuaji ulikwendaje. Ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, hakutozwa hata thumni. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, kumbe umezeeka hivi?" Kofia ya mtu wa Konde aliifumua mstari wa nyuma, akaushona upya. Iko kabatini, hajaja kuichukua.

Mengine kwa haraka, kwa mtakaopitiwa nao. Watakuja na barua na kwa kupitia sheha. Asiyekuwa nayo msimkaribishe. Nakala ya fomu dai ubaki nayo, mie ingekuwa sina ningegombana na wifi hadi leo. Chagueni siku ambayo hamna kazi. Waliahidi kurudi kwa sheha na matokeo, mpaka naandika hawajarudi, na hiyo ndiyo nusu ya tatu niliyokata.

Wiki ya pili ilipigwa simu, sauti ya mwanamme, msimamizi wao.

"Shikamoo mwalimu. Napitia majibu yako, swali la 14. Hapa pameandikwa 'mteja wa kofia'. Ni makosa ya kuandika?"

"Si makosa."

"Ni jamaa yenu?"

"Si jamaa. Ni mtu wa Konde."

Kimya. Namsikia anabonyeza. "Maana mfumo unataka jamaa, jirani, mtoa huduma wa afya, au kiongozi wa dini. Tumuweke jirani?"

"Konde na Wete ni jirani?"

Akacheka, akasema basi ataongeza namba mpya kwenye orodha. Nikamuuliza itakuwa namba ngapi. Akasema 9.